Rola kosta mpya inajengwa: namna ya kuisoma kabla haijafunguliwa

Uzio wa mabati ukishapanda na lori la kwanza la zege likaingia, maneno huanza. Mmoja anasema rola kosta hiyo, yaani treni ya burudani ya kupanda na kuteremka kwa kasi, itakuwa na kitanzi cha kupinduka kichwa chini, mwingine kasikia inafunguliwa Krismasi, wa tatu anatembeza picha kwenye simu ambayo ukiitazama vizuri ni ya bustani ya burudani ya China. Karibu yote hayo yanaweza kuhakikiwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara akiwa na simu, kalamu na daftari la hesabu lenye miraba. Mwongozo huu ni wake.

Pa kusimama

Kampala na vitongoji vyake ni vilima na mabonde, nalo hilo ni bahati yako. Bustani ikiwa bondeni, panda mtaa wa kilima kinachoielekea mpaka uone juu ya uzio, kisha chagua alama moja isiyohama, kama nguzo ya umeme au ngazi ya duka. Piga picha ukiwa hapohapo kila wiki, saa ileile, jua likiwa mgongoni mwako. Picha kumi za sehemu moja zina faida kuliko mia za kila upande, maana ukizipanga utaona ni nini kimeongezeka na kwa kasi gani.

Usiruke uzio. Getini zungumza na askari kwa adabu: "Habari ya kazi, afande. Naomba kupiga picha ya ile reli kutoka hapa nje." Akikataa, ondoka. Droni iache nyumbani, kwa kuwa kuirusha Uganda kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kreni ikiwa kazini ni hatari kwa mafundi walio juu.

Misingi ndiyo ramani ya kwanza

Kila nguzo ya rola kosta hukaa juu ya msingi wake wa zege wenye bolti zilizochomoza, mara nyingi nne au zaidi. Chora kila msingi kama nukta kwenye daftari, mraba mmoja kwa mita moja ukiweza kukadiria. Misingi iliyopangwa kwa mstari mnyoofu, yenye nafasi sawa, na inayozidi kunenepa kuelekea mwisho mmoja, huo ni mlima wa kupandia: nguzo zinakuwa ndefu kadiri treni inavyopanda, na msingi wa nguzo ndefu lazima uwe mpana. Nukta zilizokwenda upinde ni kona. Ukiona upande wa nje wa kona kuna msingi wa ziada kwa ajili ya mguu wa kuegemea, jua treni itapita hapo kwa kasi na reli italala sana, kwa sababu kona ya mwendo mkali husukuma nguzo kwenda nje wala si chini tu. Misingi midogo, ya karibukaribu, juu ya eneo lililonyooka na kusawazishwa vizuri huwa ni ya kituo cha kupandia abiria na sehemu ya breki.

Kitanzi ndicho kinachozushwa kuliko kitu kingine chochote, na hesabu yake ni rahisi. Treni isiyo na mota, ikiachiwa iteremke na kuzunguka duara kamili, lazima ianzie kimo kisichopungua mara 1.25 ya kimo cha duara hilo, kabla hata ya kuhesabu msuguano. Kitanzi cha mita 8 basi kinadai mlima wa zaidi ya mita 10. Kama nguzo ndefu kuliko zote ina mita 6, hakuna kitanzi cha maana, hata kama mwenye kuleta habari ni shemeji wa mhandisi.

Hilo la duara lenyewe lina historia. Flip Flap Railway ya Coney Island, New York, ya mwaka 1895, ilikuwa na kitanzi cha duara kamili, na abiria walitoka na shingo zinazouma, kwa sababu duara humkandamiza mtu kwa ghafla anapoingia chini. Kitanzi cha kisasa kilichofanikiwa kilikuja mwaka 1976 huko Magic Mountain, California, kwenye rola kosta ya Revolution iliyotengenezwa na Anton Schwarzkopf kwa hesabu za Werner Stengel. Umbo lake ni kama tone la maji lililogeuzwa: mpindo wake ni mpana chini, na wa kubana juu. Kwa hiyo kikiletwa kitanzi kweli, angalia umbo lake kikiwa bado vipande chini. Kipande cha juu lazima kiwe kimepinda zaidi kuliko vile vya chini.

Udongo nao ni wa kutazamwa. Mabonde mengi ya Kampala yalikuwa vinamasi vya mafunjo kabla ya kujazwa kifusi cha murramu. Kifusi kikishindiliwa vibaya hutitia, na msingi mmoja ukizama milimita chache tu kuliko wenzake, kiungo cha reli hapo juu kitakuwa na kidato ambacho kila gurudumu litakigonga. Ukiona mafundi wanachimba mashimo ya kina kirefu au wanapigilia nguzo ardhini kabla ya kumwaga zege, si kuchelewesha kazi. Hao wanajua walipo.

Kontena ni rula

Mitambo ya aina hii hufika Uganda kwa makontena kupitia Mombasa, na makontena hayo huachwa uwanjani kama stoo. Yana vipimo vinavyojulikana dunia nzima: la futi 40 lina urefu wa mita 12.19, la futi 20 lina mita 6.06, yote yana upana wa mita 2.44. Kimo cha kawaida ni mita 2.59, na lile refu kwenda juu ni mita 2.90. Huyo ni shahidi asiyedanganya.

Tafuta picha ambayo kontena na nguzo viko umbali uleule kutoka ulipo. Pima kimo cha kontena kwenye skrini kwa rula ya shule, tuseme milimita 13. Pima nguzo, tuseme milimita 60. Gawanya 60 kwa 13, upate 4.6, zidisha kwa 2.59. Nguzo ina mita 12 hivi. Kosa kubwa linalofanywa hapa ni kutumia kontena lililo mbele karibu na uzio kupima nguzo iliyo nyuma: kontena huonekana kubwa, nguzo inatoka fupi, na watu wanaanza kulalamika kwamba wameletewa ya watoto. Kosa la pili ni picha iliyopigwa kwa lenzi pana kwa karibu, ambayo huvuta vitu vya pembeni. Rudi nyuma, kisha kuza picha.

Ukiruhusiwa kuingia mpaka karibu na nguzo, tumia kivuli. Chomeka kijiti cha mita 1 wima na usubiri kivuli chake kifike mita 1. Dakika hiyo kivuli cha nguzo nacho kina urefu sawa na nguzo yenyewe, kwa hiyo ipime kwa hatua kutoka chini ya kilele chake. Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, basi usijaribu mchana. Mwezi Machi na Septemba, jua linapokuwa juu kabisa, kwenye saa saba kasoro dakika kumi, kivuli karibu hakipo. Saa nzuri ni kama saa nne asubuhi, au kuelekea saa kumi alasiri.

Kutoka kimo hadi kasi

Kinachotoa kasi ni tofauti kati ya kilele na sehemu ya chini kabisa ya teremko, si kimo kutoka ardhini. Kilele cha mita 12 na bonde lililo mita 3 juu ya ardhi vinatoa teremko la mita 9. Chukua kipeuo cha pili cha namba hiyo, uzidishe kwa 16, upate kilomita kwa saa. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, mara 16 ni 48. Teremko la mita 4 linatoa 32, la mita 6 linatoa 39, la mita 16 linatoa 64. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa inayowezekana. Magurudumu na upepo hula sehemu yake. Uzito wa treni haumo kwenye hesabu, ndiyo maana anayekwambia "ikijaa wanene inakimbia mara mbili" anakutania. Ila treni iliyojaa huhifadhi mwendo wake vizuri zaidi kuliko tupu mpaka mwisho wa mzunguko, kwa kuwa upepo unaoizuia hauongezeki kwa kadiri uzito unavyoongezeka.

Kuna aina moja inayovunja hesabu hii yote. Treni nyingi za familia, zile zenye kichwa cha joka au kiwavi, huwa na mota ndani yake na huvuta umeme kutoka kwenye ukanda wa chuma uliopita kando ya reli. Hazina mnyororo wala mlima mrefu, huzunguka raundi mbili tatu mfululizo, na kasi yake hupangwa na fundi. Kabla hujapiga hesabu, tafuta mnyororo. Usipouona, na ukaona ukanda uliofungwa kwenye vishikizo vya plastiki reli nzima, weka kalamu chini.

Wala usiidharau ndogo. Leap-The-Dips ya Altoona, Pennsylvania, ya mwaka 1902, ndiyo rola kosta ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani, na teremko lake refu halifiki mita 3. Kinachomtoa mtu kelele mara nyingi ni kona asiyoiona ikija na kilima kifupi kinachomnyanyua kitini. Mita mia moja angani hazihitajiki kwa hilo.

Treni ikishushwa, chungulia chini yake

Siku treni inapotolewa kwenye kontena ndiyo siku ya kuwa na lenzi ndefu. Rola kosta ya chuma ya kisasa ina magurudumu ya aina tatu kwenye kila kona ya behewa: ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoshika kona, na ya chini ya reli yanayozuia behewa kung'oka linapopita kilima kwa kasi. Haya ya chini ndiyo yaliyobadilisha mchezo wote. John Miller, mbunifu wa rola kosta wa Marekani, aliyapatia hataza mwaka 1919, na bila hayo hakuna teremko kali kama ya leo. Tazama rangi na tabaka la nje la magurudumu pia. Ya plastiki ngumu huteleza haraka lakini hutetemesha meno. Ya mpira wa poliuretani hunyamaza na kula mwendo kidogo.

Katikati ya mlima wa kupandia, sambamba na mnyororo, utaona ukanda wa meno ya chuma kama msumeno. Chini ya behewa kuna kono la chuma linaloruka juu ya kila jino: tak, tak, tak. Sauti hiyo ndiyo kinga. Mnyororo ukikatika au umeme ukizima, kono linaangukia jino lililo nyuma yake na treni haiwezi kurudi nyuma zaidi ya sentimita chache. Mlima usiotoa sauti si lazima uwe na kasoro, kwani mitambo mipya huwa na vizuia-kurudi vya kimya.

Kisha tafuta kibao cha kiwandani, bamba dogo lililopigwa ribiti kwenye behewa la mbele au kwenye nguzo ya kituo. Huandikwa jina la mtengenezaji, namba ya mtambo, mwaka, idadi ya abiria na kasi. Mwaka ukiwa wa zamani, mtambo umehama, na si aibu. Golden Loop ya Gold Reef City, Johannesburg, ilianza maisha yake Marekani mwaka 1977 kwa jina White Lightning katika bustani ya Carowinds. Cha kuuliza kwa mtambo uliohama ni kama nyufa za viungo zimekaguliwa upya baada ya kufungwa, na kama umeme umelinganishwa. Marekani wanatumia umeme wa hetsi (mizunguko kwa sekunde) 60, Uganda ni 50. Mota ya mnyororo isiyorekebishwa itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, mlima utapandwa taratibu na foleni itarefuka, ingawa teremko halitajali: huko kazi ni ya mvutano wa dunia.

Tarehe ya kufunguliwa: acha uvumi, soma nati

Zege hupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28. Kwa hiyo msingi uliomwagwa leo, ongeza wiki nne kabla hujategemea nguzo nzito juu yake. Mzigo kutoka China hukaa baharini mwezi hivi, kisha kuna bandari, kuna ushuru, na kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kutoka Mombasa kupitia Malaba au Busia. Ukiambiwa "wiki ijayo" na hujaona hata kipande kimoja cha reli, cheka kidogo.

Reli ikishasimama, chukua lenzi utazame chini ya nguzo. Bamba la chuma la nguzo halikai moja kwa moja juu ya zege. Hukaa juu ya nati za kusawazishia, likiacha upenyo wa sentimita kadhaa ili mafundi waweze kuinua huku na kushusha kule mpaka reli ilingane. Upenyo ukiwa bado wazi, kiasi cha kuona mwanga upande wa pili, kusawazisha hakujaisha. Ukizibwa kwa saruji laini ya kijivu, wameridhika. Baada ya hapo huja alama ndogo inayopendwa na wajuzi: mstari wa rangi, mwekundu au wa njano, uliopakwa kutoka kwenye bolti ukapita juu ya nati hadi kwenye bamba. Hupakwa baada ya nati kukazwa kwa spana ya kupimia. Nati ikilegea hata robo ya mzunguko, mstari unakatika na mkaguzi wa asubuhi anaona kwa macho bila kushika chombo. Mistari ikiwa imepakwa kwenye nguzo zote, hesabu kwa wiki sasa, si kwa miezi.

Dalili nyingine za mwisho hupita haraka: ngazi ya dharura kando ya mlima, uzio wa kuzuia watu kutembea chini ya reli, vyuma vya foleni, kibanda cha mwendeshaji chenye vioo vinavyoona kituo chote, na ubao wa kimo cha abiria. Mwajiri yeyote Uganda anatakiwa kusajili mahali pake pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Cheti hicho kikiwa ukutani ni jambo jema, ila hakimaanishi kwamba mtambo wenyewe umekaguliwa. Uliza ukaguzi wa mtambo ulifanywa na nani, lini, na kwa kiwango gani. ISO 17842 cha kimataifa na EN 13814 cha Ulaya, viwango vya usalama wa mitambo ya burudani, ndivyo vya kutajwa.

Majaribio

Jaribio la kwanza halina kelele. Treni huvutwa polepole kwa kamba au winchi ikiwa na fremu ya mbao inayotokeza kila upande kadiri mkono wa mtu unavyoweza kufika. Fremu ikigusa nguzo, tawi la mwembe au paa la kituo, kitu hicho kinaondolewa. Kisha treni huachiwa tupu, mara nyingi, na baadaye hupakiwa mifuko ya mchanga au madumu ya maji, kama kilo 75 kwa kiti cha mtu mzima. Kwa mifuko ya kilo 25 ni mitatu kwa kiti, iliyofungwa kwa mkanda. Usipofunga, mchanga unamwagika kwenye kona ya kwanza na kuingia kwenye beringi.

Siku hizi za majaribio ndizo treni hukwama bondeni, kati ya vilima viwili, ikibembea mbele na nyuma mpaka itulie. Picha huenea na watu huandika kwamba mtambo ni mbovu. Mara nyingi sababu ni magurudumu mapya ambayo hayajalainika, grisi nzito ya asubuhi yenye baridi, treni tupu, au upepo wa mbele. Mafundi huivuta kwa winchi, hubadilisha magurudumu kuwa magumu zaidi, hujaribu tena. Cha kutia shaka ni treni inayokwama bondeni mara kwa mara ikiwa imejaa mifuko, na saa nane mchana jua likiwaka. Hapo kuna jambo la reli yenyewe.

Tazama pia kama wanajaribu kuzima umeme makusudi. Treni ikiwa katikati ya mlima, swichi kuu inazimwa, na treni inapaswa kubaki palepale. Ikiwa kwenye breki za sumaku, itapunguza mwendo hata bila umeme, kwa kuwa sumaku za kudumu zinapopita kwenye bamba la shaba au alumini huzalisha mkondo unaopinga mwendo. Ila sumaku haziwezi kuisimamisha kabisa. Mwishoni lazima kuwe na breki za kubana.

Siku ya kupanda

Chagua siku ya katikati ya wiki wakati shule zimefunguliwa. Sikukuu za Idd na Krismasi ni za kukutana na jamaa, si za kupanda mara nyingi. Kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, wahi asubuhi; mvua kubwa ya mchana na radi husimamisha mtambo, na uamuzi huo ni sahihi kila mara, maana hicho ndicho chuma kirefu kuliko vyote vilivyo jirani.

Kabla ya kuingia kwenye foleni, pima mzunguko: tangu treni inapoondoka kituoni hadi inapoondoka tena. Fanya mara tatu, uchukue wastani. Treni ya viti 12 inayoondoka kila dakika 4 hubeba watu 180 kwa saa. Hesabu walio mbele yako. Wakiwa 90, ni nusu saa, na uongeze kidogo kwa ajili ya viti vinavyoondoka vitupu. Hesabu hiyohiyo inakuamulia tiketi. Ikiwa foleni ni dakika 40 na una saa nne, utapanda mara sita kwa wingi. Linganisha bei ya tiketi sita na ya bangili ya siku nzima kabla ya kubonyeza namba ya siri ya mobile money.

Mavazi yanahitaji fikra. Gomesi, gauni refu la kina mama wa Uganda, ni vazi la heshima, lakini mkanda wake mrefu na upepo havipatani. Mama aliyetoka kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, avae suruali au abaki na mikoba. Dera na kanzu zikunjwe zikaliwe, hijabu ichomekwe ndani ya shingo ya nguo bila pini za mapambo, wigi livuliwe au lifungwe kweli. Ndala mkononi au zibaki kituoni. Simu iingie mfuko wenye zipu: ikidondoka kutoka mita 12 inafika chini kwa kasi ya kilomita 55 kwa saa, na huko chini huenda amesimama mtu.

Rolekisi, ile chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, na kikomando, mchanganyiko wa vipande vya chapati na maharage mazito, viachwe saa mbili kabla. Kichefuchefu huja macho yanapoona kitu kimoja na sikio la ndani likihisi kingine. Dawa yake ya kwanza ni kutazama reli inakoelekea badala ya kufumba macho. Tangawizi husaidia wengine.

Kiti cha mbele kinakupa macho: unaona teremko kabla hujaanguka. Kiti cha nyuma kinakupa tumbo, kwa sababu mabehewa ya mbele yameshaanza kuteremka wakati wewe bado unapanda, nayo yanakuvuta juu ya kilele kwa kasi. Kwa anayeanza, katikati. Epuka kiti kilicho juu kabisa ya ekseli ikiwa mgongo wako unalalamika. Chuma cha mapajani kishuke mpaka kiguse paja, si tumbo, na msaidizi akisukume mwenyewe, asipokisukuma, mwite. Kipimo cha kimo cha mtoto usikidanganye kwa viatu vya soli nene, kwani chuma kimeundwa kubana mifupa ya paja ya mtu wa kimo kile, na mtoto mfupi huteleza chini yake. Mjamzito, mwenye moyo au presha isiyotulia, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni wabaki kupiga picha.

Umeme ukikatika mkiwa mlimani, tulia na usijaribu kufungua chochote. Jenereta inaweza kuwaka ndani ya nusu dakika, lakini kompyuta ya mtambo haitaendelea yenyewe. Mwendeshaji lazima ahakikishe treni iko wapi kisha aruhusu upya. Wakipanda kwa ngazi ya dharura kuja kuwafungua, hufungua mmoja mmoja. Anayeng'ang'ania kushuka kabla ya zamu yake ndiye anayeumia.

Kwa wanaotaka namba

Programu ya bure ya phyphox hutumia sensa zilizomo ndani ya simu. Washa kipimo cha mchapuko pamoja na mvutano wa dunia, funga simu kwenye mfuko wa zipu kifuani, panda. Ukiwa umekaa tuli itaonyesha 9.8. Ikishuka kukaribia 0 ulikuwa unaelea. Ikifika 29 ulikandamizwa kwa uzito wako mara tatu. Simu yenye kipima mgandamizo wa hewa inaweza pia kutoa kimo. Usitumie kanuni ya pwani ya mita 8 na kitu kwa hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo huo): Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hektopaskali moja ni karibu mita 10. Rekodi ukiwa bado kituoni, kaa sekunde 30 bila kusogea ili upate mstari wa kuanzia, na usifunike simu kwa kifuko kisichopitisha maji, kwa sababu hakipitishi hewa pia na kipimo kitachelewa kila treni inapoanguka.